Klivia Nyuma ya Tangi

Jamhuri, Nairobi
9 Machi 2025

Mjomba Nzuki,

Masikio yanaendeleaje? Mwanao Muasya ameniambia kwamba simu aliyokununulia umeitupa kwenye pipa la mahindi, ukidai inalia kama nyigu na haisemi neno. Basi nimesalimu amri. Nakuandikia, tena kwa herufi kubwa ili usisingizie macho. Bahasha hii naipa basi la asubuhi, na itafika Mwingi kabla mwanao hajafunga duka lake la nafaka.

Huku ni mimi na paka. Kazi ni ileile, kupokea barua za watu ofisini mjini na kuzigonga muhuri, na jioni narudi kwenye nyumba ambayo tangu saa tisa mchana ni lazima uwashe taa. Chumba chako cha nyuma nilikifagia Jumamosi. Gambuti zako bado ziko mlangoni, sikuzigusa.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Bustani ya Mama imekwisha. Ulipoondoka, wiki moja tu baada ya kumzika, lile jengo la jirani lilikuwa limeshafika ghorofa ya tisa. Kaskazini na mashariki ni ukuta wake, magharibi ni nyumba yetu, na kusini mparachichi wa majirani kina Haron, ulioinamia kwetu, umefunga kilichobaki. Hakuna jua hata la kuanikia kitambaa cha vyombo. Waridi la mwisho, lile la manjano, nililing'oa mwezi jana likiwa kuni.

Desemba tutatimiza miaka miwili bila Mama, na ukoo utakuja hapa kumkumbuka. Sitaki wakute udongo mtupu. Nilikwenda Karen kwa wale wauza miche wa kando ya barabara, nikachagua kila kilichokuwa kimechanua: nyekundu, zambarau, rangi ya machungwa. Baada ya wiki tatu yote yalikuwa yamerefuka shingo kama watu wanaochungulia harusi dirishani, halafu yakalala. Nikanunua mengine. Nikahamisha vyungu kutoka ukutani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi ukutani. Siwezi kukaa, Mjomba. Nikitoka kazini napitiliza hadi nyuma ya nyumba na mkoba ukiwa begani, nahamisha vyungu.

Wewe ulitunza bustani za watu huko Karen miaka ishirini na sita. Mahali jua halifiki kabisa, nipande nini chenye rangi?

Na utakuja lini?

Mpwa wako,
Ngina


Mwingi
2 Aprili 2025

Mama yangu Ngina,

Umebeba jina la mama aliyenizaa, na kwetu hilo si jambo dogo, kwa hiyo nakuamkia kwa heshima kwanza kabla sijakugombeza. Sisi tuko salama. Ndengu zimeota vizuri. Mbuzi wa Muasya amekula kofia yangu ya kanisani, na Muasya amecheka mpaka akakaa chini, jambo ambalo sitalisahau. Masikio yamekataa kabisa. Hata mahubiri nayatazama tu.

Sasa nikugombeze. Ulinunua maua kama mtu anayenunua ng'ombe kwa kutazama mkia. Wale wa Karen huipanga miche juani makusudi ili ikuite ukiwa ndani ya gari. Ua lililozaliwa juani ukilitia gizani linanuna, linakufa. Kivulini rangi huitafuti kwenye ua. Unaitafuta kwenye jani.

Tafuta kolyasi, yale majani ya damu ya mzee yenye ukingo wa kijani cha ndimu. Tafuta kaladiamu, huyo ni jamaa ya nduma, ila jani lake ni jeupe na mishipa yake ni ya waridi. Tafuta begonia yenye jani kama limepakwa fedha. Ukitaka maua lazima, chukua bizi-lizi, ndiyo pekee isiyolalamika. Na usianze na nyekundu kwenye kona ya giza, mama. Nyekundu gizani inapotea, ukisimama mlangoni utaona shimo. Kwenye giza weka nyeupe na ndimu, nyekundu iweke karibu na macho yako.

Jambo lingine. Nyuma ya tangi la maji kuna kichaka cha majani marefu mazito, kama mikanda. Hiyo ni klivia. Niliibeba kutoka Karen ukiwa bado shule ya msingi. Dada yangu Kasiva aliikataa kwa sababu jua liliichoma na haikutoa ua hata siku moja, tukaisukuma huko nyuma, tukaisahau. Kama iko hai usiigawanye. Ing'oe na udongo wake wote, iweke chini ya mparachichi, uachane nayo.

Kuhusu kuja, tutaona. Palizi imekaribia na shamba halina mtu.

Ni mimi mwanao mzee,
Nzuki


Jamhuri, Nairobi
11 Mei 2025

Mjomba,

Pole kwa kofia. Nimekuwekea nyingine ndani ya kifurushi hiki, mfiche mbuzi asiione. Mimi ni mzima, ila mvua ya huku imenitia mafua ambayo hayajui kwao. Mchungaji anakusalimu, na anauliza swali lile ambalo kila mtu ananiuliza: mzee atarudi lini?

Nilifanya ulivyosema. Nilipata kolyasi za rangi nne, kaladiamu sita, begonia, bizi-lizi trei nzima. Kila jioni nilizimwagilia kama Mama alivyomwagilia waridi zake, ndoo mbili na jagi moja. Wiki ya tatu nilizikuta zimeanguka, shina limelainika kama ndizi mbivu. Nilisimama pale nikalia kwa hasira, nakwambia kweli. Were, yule bawabu wa maghorofa, alinichungulia juu ya ukuta akasema, "Madam, hizi maua zako zinaoga mara mbili kwa siku. Wewe unamwaga, na wale wa juu wanamwaga maji ya nguo. Si zitapata pneumonia?" Tangu siku hiyo amewapigia kelele wapangaji wake, na maji ya sabuni yamepungua. Ni mtu mzuri. Kosa la jengo si lake.

Nilipochimba kupanda upya nilikuta kiganja kimoja tu cha udongo. Chini yake ni saruji iliyoganda, misumari, mifuko. Wajenzi wa jengo walikuwa wanatutupia taka zao wakati sisi tunamuuguza Mama.

Klivia iko hai. Nimeihamisha. Inakaa tu, haifanyi lolote.

Sasa niseme nililolinyamazia katika barua ya kwanza. Wenye jengo wanataka kununua nyumba hii. Kijana wao, Clifford, amekuja mara tatu, na kila akija anatazama huku nyuma na kunionea huruma. Wanataka jibu kabla ya Novemba kwisha. Mjomba, nimechoka kuishi kwenye chupa. Nimejiapia hivi: nikifanikiwa kuweka rangi hapa hadi Desemba, nabaki. Nikishindwa, natia sahihi, wakati wa kumbukumbu ya Mama nawaaga watu, na nyumba inakwenda. Chumba chako pia. Ndiyo maana nahamisha vyungu kama mwenda wazimu. Na ndiyo maana nakuuliza tena, kwa nini huji? Uliishi hapa muda mrefu kuliko mimi.

Ngina


Mwingi
1 Juni 2025

Mama yangu,

Kofia imefika, inanitosha. Pole kwa mafua.

USITIE SAHIHI. Chochote kile atakacholeta huyo Clifford, usikitie sahihi, hata akwambie ni karatasi ya kupokea kalenda. Hata kama ina picha nzuri. Soma mara tatu, mpe mtu mwingine asome, halafu usitie.

Nirudi kwenye bustani. Kivulini maji hayana pa kwenda. Usimwagilie kwa saa wala kwa ndoo. Ingiza kidole hadi kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, ondoka, nenda kapike. Saruji itoe yote, hata ikuchukue mwezi, kisha jaza udongo mweusi uliochanganywa na samadi iliyooza. Nunua ule wa magunia huko Kinoo, ila uuchungulie kabla hawajafunga gunia. Miche ipandwe juu kidogo, kwenye tuta, shingo isizame.

Na ule ukuta wao. Nilipoondoka ulikuwa saruji tupu, haujapakwa kitu. Ukipakwa nyeupe, mwanga kidogo unaoanguka kutoka juu utagonga pale na kuingia kwako. Si jua, lakini jani linajua kuutumia. Huko Karen tulikuwa tunapaka hata mawe. Waombe.

Usitie sahihi.

Kuja, bado. Mguu unanisumbua.

Nzuki


Jamhuri, Nairobi
6 Julai 2025

Bwana Nzuki,

Natumaini wote hapo nyumbani hawajambo.

Nilikwenda kuwaomba wapake ukuta. Niliwaambia walitutia gizani bila kutuuliza, na kwamba nitalalamika kaunti. Clifford hakukasirika. Alifungua faili akasema, "Madam, hii story tulimalizana na family yenu kitambo. Si hii ni signature ya mzee wenu?"

Niliitazama. Barua inasema mwenye nyumba hana pingamizi. Chini kuna jina la Mama, Kasiva, na mbele yake, "kwa niaba", jina lako. Tarehe ni ya Januari 2021. Wiki ile Mama alikuwa amelazwa akifanyiwa upasuaji.

Mkono wako naujua. Ndio ulioniandikia nipande nyeupe gizani.

Miaka miwili Mama aliamka kila asubuhi akahesabu matofali. Alikuuliza mbele yangu, "Nani aliwakubalia hawa watu?" Nawe ukamjibu, "Serikali." Alikufa akiilaumu serikali.

Mvua imesimama. Udongo niliubadilisha, kolyasi zimeshika. Sijui kwa nini nakuandikia hilo.

Sitauliza tena utakuja lini. Nauliza moja tu: ni kweli?

Ngina


Mwingi
21 Septemba 2025

Ngina,

Barua yako imekaa kwenye mfuko wa koti langu wiki kumi. Muasya aliniuliza kama ni ya hospitali. Nimekuandikia mara nne na mara nne nimewashia jiko. Sikukuita mama leo kwa sababu sijui kama bado naruhusiwa.

Ni kweli.

Alikuja yule kijana Clifford na karatasi ya Kiingereza, na mchoro. Kiingereza mimi najua cha maua tu. Niliona aibu kumwambia hivyo, yeye kijana mdogo na mimi mtu mzima. Lakini mchoro niliuelewa. Ulikuwa na ghorofa tatu. Nilizihesabu kwa kidole. Nikamwambia angoje kidogo. Nilichukua ufito, nikausimamisha kwenye bustani, nikapima kivuli chake, kisha nikakadiria kivuli cha ghorofa moja moja hadi ya tatu, nikachomeka vijiti kwenye nyasi mahali kivuli kitakapofika. Kilikomea mstari wa pili wa waridi. Nikajiambia, tutapoteza mistari miwili, tisa itabaki na jua. Dada yangu yuko kitandani, asisumbuliwe na mambo ya jirani. Nikatia sahihi. Nilijiona mwerevu, Ngina. Nilipima!

Walipoanza ghorofa ya nne nilikwenda kwao kabla hata sijavua gambuti. Walicheka. Waliniambia karatasi haikutaja ghorofa ngapi, ni mchoro tu uliokuwa na tatu, na mchoro walikuwa wamebadilisha. Nikarudi. Kasiva alikuwa ametoka hospitali, amekaa dirishani, akaniuliza vile ulivyosikia. Ningeweza kusema. Aliniweka katika nyumba ile miaka yote hiyo, alinipikia, hakunidai kitu. Nikasema serikali. Na baada ya kusema mara moja, ikawa lazima nilichunge neno hilo kila siku, huku waridi zinakufa moja moja na mimi ndiye ninayezing'oa.

Siku ya mazishi watu walinipa pole zaidi kuliko walivyokupa wewe. Sikuweza kulala tena kwenye chumba kile. Mguu haunisumbui. Shamba lina watu watano.

Kama unataka kuuza, uza. Sina neno la kusema juu ya nyumba ile. Ila ukiiuza, usiseme ni kwa sababu bustani imeshindikana. Nakujua, umeipanda vizuri.

Nzuki


Jamhuri, Nairobi
19 Oktoba 2025

Mjomba wangu,

Nimekaa na barua yako chini ya mparachichi, na paka amekaa juu ya bahasha. Sisi wazima. Mafua yalipona zamani. Mchungaji ameacha kuniuliza, sasa ananitazama tu, afadhali angeuliza.

Nina la kukwambia, na sitaliandika vizuri.

Clifford hakuanzia kwako. Alianzia kwangu, pale langoni, Jumatatu asubuhi, nimechelewa kazini na kiatu kimoja nakivaa nikitembea. Alinipa karatasi. Ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza mimi nakisoma kutwa nzima, ndiyo kazi yangu. Ukurasa mmoja tu, Mjomba. Dakika mbili. Nilimrudishia bila kuisoma, nikamwambia, "Ingia tu, mjomba yuko ndani, atakuwekea sahihi." Ndivyo nilivyosema: atakuwekea sahihi. Nikaenda zangu.

Kwa hiyo Mama alipouliza na wewe ukajibu serikali, nilijua. Nilikuwa nimeshika sinia ya chai, nikatazama chai. Hukuwa peke yako uliyelichunga lile neno. Na Julai nilipoona jina lako kwenye faili nilifurahi. Nisamehe, nilifurahi, kwa sababu jina langu halikuwepo. Nikakuandikia barua ile ya Bwana Nzuki kana kwamba mimi sikuwa langoni. Nimekuacha ubebe peke yako miaka minne, halafu nikakushtaki.

Nina hasira na wewe bado. Nina hasira na mimi pia, na hiyo haipungui nikihamisha vyungu. Nimeacha kuvihamisha.

Ukuta, kampuni ya Clifford ilikataa kuupaka. Jumapili moja baada ya ibada nikamwona Were kwenye ngazi na debe la rangi nyeupe iliyobaki walipopaka nyumba za wapangaji. Nikamwuliza, umepewa ruhusa? Akasema, "Nani ataniuliza, na hii upande hakuna mtu huangalia isipokuwa wewe?" Amepaka hadi ghorofa ya pili. Mjomba, ulisema kweli. Saa sita mchana kuna mwanga pale, mdogo, wa rangi ya maziwa. Kaladiamu nimezipanga ukutani, nyeupe. Katikati kolyasi za ndimu. Zile za damu ya mzee ziko mlangoni, naziona nikiosha vyombo. Nachomeka kidole hadi kiungo cha pili, kisha naenda kupika.

Na klivia imechanua. Wiki iliyopita ilitoa kikonyo kimoja, nikadhani ni jani lingine. Sasa ni vikonyo vitano, maua kumi na tano kila kimoja, rangi ya chungwa kali, katika ile kona ambayo hata paka alikuwa anaiogopa. Miaka yote ile tulikuwa tunaichoma na kuilaumu. Nilimwita Were aje aone. Nilitaka kumwita Mama, nikakaa chini.

Clifford nimemwambia hapana. Aliuliza kama nina hakika. Nikamwambia nimeisoma karatasi yake yote, mara tatu.

Kumbukumbu ni tarehe sita Desemba. Watu watauliza bustani ilikuwaje, na tutawaambia, mimi na wewe, wote wawili tumesimama, lango na sahihi. Sitasema peke yangu na wewe hutasema peke yako. Chumba chako nimekifungulia madirisha. Kuna kipande cha udongo karibu na tangi sijapanda kitu, kwa sababu sijui kinataka nini.

Katika barua ya mwisho uliniita Ngina, ukasema hujui kama unaruhusiwa jina lile lingine. Sikupewa jina la mama yako ili nilitumie siku za furaha tu. Basi sikiliza, na kwa haya huhitaji masikio. Mtu akiitwa na mama yake hatumi jibu. Hii usiijibu. Panda basi.

Mama yako,
Ngina